Mpambe wa Rangi ya Upande wa Pili

Nilimwonea wivu yule dada wa Mbeya kabla hajashuka kwenye basi. Nilimwona dirishani, kalaza kichwa kwenye bega la shoga yangu, kasinzia mdomo wazi, na moyo wangu ukasema waziwazi kama mtu anayedai haki yake: bega lile ni langu.

Shoga yangu na mimi tulizaliwa kisiwa kimoja huko Mbwera. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani kwa mwalimu mmoja, tukachapwa kwa kosa moja. Siku moja, tukitoka mikokoni kutafuta kaa, tope limetufika magotini, tuliwekeana ahadi: atakayeolewa mbele, mwenziwe ndiye atakuwa mpambe wake. Kwetu mpambe si mtu wa kubeba mkoba tu. Ndiye anayekaa na bi harusi chumbani saa zile za mwisho, ndiye anayemshika mkono akitolewa nje, ndiye anayepanda naye gari hadi kwa mume. Mtu humpa kazi hiyo yule aliye karibu naye kuliko wote duniani. Tulikuwa na miaka tisa hivi. Yeye huenda alisahau kesho yake. Mimi sikusahau.

Akili zake zilimpeleka mbele, sekondari, chuo kikuu, kisha ng'ambo kusomea udaktari wa fizikia. Mimi kidato cha nne kilinishinda. Mjomba akanichukua Kibiti, akanifundisha kutengeneza mafriji, na nikaipenda kazi kupita alivyotarajia. Leo ukiulizia fundi friji wa kike pale mjini, hata mwenda kwa miguu atakuonyesha banda langu. Wanunuzi wa kamba wananijua. Friza ya mtu ikigoma, kamba wamejaa, ni mimi ninayepigiwa simu, nami nafika na mtungi wangu wa gesi nikiimba. Kwa hiyo aliponiambia kwa simu kwamba huko aliko anasomea baridi, nilicheka mpaka spana ikaniponyoka. Nikasema, Mungu mkubwa, kumbe bado tuko pamoja!

Miaka ikapita, akachumbiwa na kijana wa kijiji cha Mkongo, huko kwa wakulima wa mpunga, mwalimu mpole. Harusi ikapangwa ifanyike Kibiti, nyumbani kwa shangazi yake. Ndipo akaja, na akaja na mtu. Yule dada wa Mbeya walikuwa naye maabara moja, wanafunzi wa profesa mmoja, Watanzania wawili tu katika jengo zima.

"Wewe ndiye fundi!" akanikumbatia pale pale stendi. "Nimesimuliwa habari zako mpaka nimezihifadhi."

Habari zangu. Nani kampa?

Niliwapeleka bandani kwangu. Nilitaka waone. Dada wa Mbeya akaweka kiganja juu ya friza moja niliyokuwa nimetoka kuijaza gesi, akauliza inafika ngapi.

"Kumi na nane chini ya sifuri," nikasema, kifua mbele. "Ikiwa na afya, hata ishirini na tano."

Wakatazamana. Si kwa dharau, naapa hawakuwa na dharau. Walitazamana kama watu wenye chumba chao ambacho wewe hujawahi kuingia. Kule kutazamana ndiko kulikoniua.

"Sisi, shoga," akasema shoga yangu taratibu, "tunashuka mpaka karibu na mwisho wa baridi yenyewe. Chini yake hakuna kitu tena. Chukua digrii moja ya joto, uigawe vipande milioni. Kwetu kimebaki kama kipande kimoja."

"Mna friza gani hiyo?"

"Hatuna friza. Tuna mwanga."

"Mwanga unapoza? Wee, usinifanye mtoto!"

Wakaanza kunieleza, mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimalizia. Atomu za gesi zinakimbia ovyo. Wanazipiga kwa leza kutoka kila upande mpaka zinapungua mwendo, na kupungua mwendo ndiko kupoa. Halafu wanaziacha zile zenye joto zaidi ziruke zitoke, zinazobaki zinapoa zaidi, kama chai inavyopoa mvuke wake ukiondoka.

Hapo nikadaka. "Basi ni kama humu ndani! Gesi inageuka mvuke kwenye bomba, inaondoka na joto, nyama inaganda."

Dada wa Mbeya akapiga makofi. "Umesikia? Huyu angefaa maabara!"

Alikuwa ananisifu kwa moyo safi. Mimi nilisikia mtu anayeniambia kwamba basi limekwisha kuondoka. Nikacheka, nikawanunulia soda, nikaenda nyuma ya banda nikajifanya natafuta waya.

Baada ya siku mbili shoga yangu akawekwa ndani. Kwetu mwali haonekani: anakaa chumbani, anasuguliwa mwili kwa liwa na manjano, hatoki, hapigwi picha. Lakini kazi yao ya maabara haikujua kwamba mtu ni mwali. Kulikuwa na matokeo yaliyopaswa kutumwa kwa profesa wiki ile ile. Basi nilipoingia na chai nilikuta kioja: shangazi anampaka liwa usoni, shoga yangu kafumba jicho moja, la pili liko kwenye kompyuta, na dada wa Mbeya kaishikilia kompyuta juu juu isipate manjano.

"Usitikisike, mtoto wewe!" shangazi akamkemea. "Bwana harusi atadhani tumempaka kwa ufagio."

Kwenye kioo kulikuwa na mawingu mawili, moja jekundu, moja la buluu. Nikauliza ni nini. Shoga yangu akang'aa. Ile liwa iliyoanza kukauka ikapasuka mashavuni.

"Hizi zote ni atomu za aina moja," akasema. "Hazina tofauti ila kitu kimoja, spini. Ifikirie kama sumaku ndogo sana ndani ya kila atomu. Nyekundu zimeelekea juu, buluu zimeelekea chini. Tunazitenga, nyekundu huku, buluu kule, halafu tunaziachia zikutane."

"Zinachanganyika."

"Ndivyo mtu anavyodhani! Gesi yenyewe ni nyepesi, hewa ya humu chumbani ni nzito kuliko hiyo mara nyingi mno. Lakini tazama."

Dada wa Mbeya akabonyeza. Yale mawingu yakaendeana, yakagusana, na yakarudi nyuma. Yakaendeana tena, yakarudi tena, kama mipira miwili.

"Zinachukiana?" nikauliza.

"Zinavutana," akajibu dada wa Mbeya. "Zinavutana kwa nguvu kuliko kitu chochote. Ndiyo maana nyekundu haiwezi kuipita buluu hivi hivi. Lazima igongane nayo. Ikimaliza hiyo, inakutana na nyingine. Nyekundu kwa nyekundu zinapishana tu, hata salamu hazipeani."

"Ukilisukuma lundo zima liende upande mmoja," shoga yangu akaendelea, "linakwenda, halina shida. Shida ni kutaka rangi moja ipite katikati ya nyingine. Kule kupita ndiko tunakopima. Nyekundu inaingia kidogo, inagongwa, inageuzwa, inaingia tena. Inachukua kama sekunde nzima, na kwa atomu sekunde ni kama miaka. Sasa swali letu ni hili: ukizidisha kule kugongana, zitafika mahali zisimame kabisa?"

"Zinasimama?"

"Hapana! Kuna mwendo ambao hazishuki chini yake. Hata uzizuie vipi, mwishowe zinapita."

Akasema hivyo akimtazama mwenziwe, na mwenziwe akatikisa kichwa kama anayeitikia dua. Nami nilikuwa nimesimama na sinia. Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikauliza, "Na zile za rangi moja, zisizogongana, hazisahauliani?"

Dada wa Mbeya akasema swali zuri, akaliandika. Afadhali angelicheka.

Siku zile zote shangazi alikuwa akimwuliza mwali: mpambe ni nani, watu wajue. Na mwali anajibu: nitasema asubuhi ya siku yenyewe. Kila nilipoingia niliwakuta wawili wale vichwa vimegusana. Wanacheka vitu vya maabara, mara kuna pampu fulani iliyolia kama mbuzi, mara profesa kapotea kwenye jengo lake mwenyewe. Nilicheka nao. Nikirudi bandani nilikaza nati mpaka zinakatika. Nilishajua, au niliamini najua. Mpambe angekuwa yule.

Na mimi nilipewa sare nigawe, kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Upande wa bi harusi ulichagua kanga za rangi ya damu ya mzee. Upande wa bwana harusi, wa Mkongo, ulichagua kijani, wakatuletea na doti mbili za ziada kwa heshima. Yeyote wa pwani ya kwetu anajua sare inafanya kazi gani siku hiyo. Wenye sare ya bi harusi wanaulinda mlango wa chumba. Wenye sare ya bwana harusi wanatoka kwao na vigelegele, wanataka kuingia, na hawaingii. Wanazuiwa, wanasukumwa, wanatukanwa matusi ya utani mpaka mwali atolewe mwenyewe. Hata awe nani, wa kijani hapiti.

Dada wa Mbeya hakuyajua hayo.

"Yako hii, dada," nikamwambia, nikampa ya kijani.

Akaikunjua, akainusa ile harufu ya kanga mpya, akanishukuru mara tatu. "Mmenifanya ndugu kabisa," akasema.

Siku ya harusi, baada ya adhuhuri, basi la Mkongo likafika na likamwaga kijani uani kwa shangazi. Wetu walikuwa wamejipanga barazani mpaka mlangoni. Nami nilikuwa miongoni mwao, karibu kabisa na pazia.

"Enyi wa Mkongo!" mmoja wetu akapaza sauti. "Mmenawa miguu, au mmekuja na matope ya mashambani?"

"Afadhali matope ya mpunga kuliko ya kaa!" wakajibu. "Tupeni wifi yetu, nyie mnaonuka mikoko!"

Basi ndiyo raha yenyewe, watu wanacheka, dufu zinapigwa. Hapo dada wa Mbeya akatokea kutoka nyumba ya jirani alikokwenda kuoga, kajifunga kanga yake ya kijani vizuri, anatembea moja kwa moja kuelekea chumbani kama alivyofanya wiki nzima. Wanawake wawili wakasimama mbele yake.

"Wee wa kijani, wapi?"

"Kwa bi harusi."

"Ati kwa bi harusi! Na hawa wote wamekuja kwa nani, kwa daktari?"

"Mimi si wa Mkongo, mama. Mimi natoka Mbeya."

"Mbeya! Jamani, bwana harusi kakodi mpaka wa Mbeya! Leo tumevamiwa!"

Wakamgeuza, wakamsukuma kwa makalio, kwa mapenzi yote. Akacheka. Wa kijani wakampokea, "Njoo wifi, wamekuonea?", wakamchezesha. Akajaribu upande mwingine, akagongana na wengine, akageuzwa. Katikati ya wa kijani alipita kama samaki majini. Akigusa tu sare yetu, anarudi nyuma. Nilitazama na nikaona utamu. Nikiri, niliona utamu wa kweli, kama mtu aliyekula embe kwa siri.

Kisha akaniona. Akainua mkono juu ya vichwa vya watu, uso wake wote umefunguka. "Fundi! Waambie! Waambie mimi ni nani!"

Nikatazama juu, kwenye mabati.

Nilipoteremsha macho, mkono wake ulikuwa bado uko juu, ila kicheko kilikuwa kimepungua. Utamu ukaniishia mdomoni. Nikageuka nikaingia chumbani.

Shoga yangu alikuwa amekaa kitandani, amekwisha kupambwa, wanja machoni, hina mpaka vifundoni. Shangazi anafukiza udi.

"Mwenzetu yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko nje."

"Mbona haingii?"

"Amevaa kijani."

"Kijani kakipata wapi?"

Ningeweza kusema wamekosea. Mdomo ulikwisha kufunguka kwa ajili hiyo. Lakini alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama tukiwa mikokoni, hanishuku kitu. Nikasema, "Kwangu. Nilimpa makusudi."

Shangazi akaacha kupuliza makaa. Shoga yangu hakupandisha sauti.

"Kwa nini?"

"Nilijua utamfanya yeye mpambe."

"Asubuhi nimemwambia shangazi ni wewe."

"Kaniambia," shangazi akasema bila kunitazama. "Nikasema nitakuita ukishamaliza kutukanana na wa Mkongo huko nje. Kumbe una vita vyako mwenyewe."

"Yeye nilitaka akae tu humu ndani," shoga yangu akasema, na sasa machozi yakaanza kuuchezea wanja. "Hana mama hapa, hana dada. Mimi kule ng'ambo kwenye baridi niliugua mwezi mzima, nani kanipikia uji? Wewe ulikuwa mbali. Si kosa lako, ulikuwa mbali tu."

Uji. Sikuwahi kujua kama aliugua. Nadhani wivu wangu wote ulikuwa hapo: kuna mwezi mzima wa maisha yake ambao sikuwepo, na mtu mwingine alikuwepo.

Sikuombwa kufanya lolote. Nilitoka mwenyewe, nikamvuta dada wa Mbeya mpaka jikoni, nikavua kanga yangu, nikamwambia vua na wewe, tubadilishane, nenda ndani, umshike mkono atakapotoka.

"Kuna nini?" akauliza.

"Nilikupa ya upande mbaya. Nilikuonea wivu."

Akanivalisha kanga yake ya kijani. "Mimi ndiye ninayekuonea wivu wewe," akasema. "Miaka mitatu kila kitu ni fundi alisema, fundi angecheka. Mtu anapika uji, anasifiwa fundi."

Nilitaka kucheka na kulia, na wakati wenyewe haukuwepo. Akaenda. Sare yetu ikampitisha bila neno.

Nami nikawaza: nitamfuata. Mimi ni wa hapa, kila mmoja pale uani nimemtengenezea friji au la jirani yake, watanipisha. Hilo ndilo kosa lililonimaliza. Kumbe ukijulikana ndipo utani unapozidi.

"Ala! Fundi katuuza!" wakapiga kelele. "Kahamia Mkongo! Wamekupa nini, gunia la mchele?"

"Jamani, nipisheni, nina haja ndani."

"Haja kamalizie kwenu!"

Nikasukumwa. Nikaingia tena, kwa upande wa mtungi wa maji. Nikapata hatua mbili, nikagongana na mama mmoja mnene, tukacheka wote wawili, akanigeuza. Hatua moja mbele. Nyingine ubavuni. Nilihesabiwa dhambi zangu zote, pamoja na friza niliyochelewa kuitengeneza mwezi wa Ramadhani. Jasho likanitoka. Kati ya wa kijani nilikuwa huru kabisa, naweza kwenda popote, ila popote hapakuwa ninapotaka. Lakini nilikuwa nasogea. Ukinitazama kwa mbali ungesema nimesimama. Mimi nilijua nasogea.

Nilikuwa nimebakiza watu wawili tu kufika kwenye pazia, ndipo likafunguliwa. Vigelegele vikapasua bati. Shoga yangu akatolewa, kafunikwa, na dada wa Mbeya kamshika mkono, tena mkono wa kushoto, kakosea. Walipita karibu nami kiasi cha kuweza kugusa ushungi wake. Sikuugusa. Mtu akanivuta kiuno: "Wifi, twende, wapokezi lazima watangulie!" Na wa kijani wote, kama wimbi, tukamiminika kwenye basi, na mimi ndani yake, bila hata viatu vyangu vyema, kuelekea Mkongo.

Njia nzima waliimba. Niliitikia, sauti nilikuwa nayo, ila moyo ulikuwa kwenye gari la nyuma, ukihesabu nani kakaa pembeni ya nani.

Mkongo, mama wa bwana harusi alipoona namjua bi harusi kwa jina la utoto akaniambia, "Basi wewe ndiye umteremshe, mwanangu. Asishtuke kwa kuona nyuso ngeni."

Gari likafika. Mlango ukafunguka. Wa kwanza kutoka alikuwa dada wa Mbeya, kapauka kwa vumbi, kaung'ang'ania ule mkono wa kushoto kama mtu aliyekabidhiwa yai. Nikaushika wa kulia. Ulikuwa na baridi ya woga, na unanukia udi.

"Naachia sasa?" akaninong'oneza. "Sijui wanaachia wapi."

Mpambe anaachia pale pale, mguu wa bi harusi unapogusa ardhi ya kwa mume. Kila mtu anajua. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na nilikuwa nalitaka kweli kulisema.

"Bado," nikamwambia. "Sogea tu, mlango ni mpana."

Tukaingia watatu ubavu kwa ubavu, mabega yakikwaruza miimo ya mlango, mama wa bwana harusi akishangaa ni desturi ya wapi hiyo. Chini ya ushungi shoga yangu akasema kwa sauti ndogo, "Mnaniumiza vidole, nyote wawili."

Hakuna aliyelegeza.